Bi Harusi Aliyetaka Kayaki: Namna ya Kuchagua Ile Utakayoimudu Peke Yako



Wengi wenu mnatujua kwa magauni ya nikaha na mabaibui ya kushonesha. Leo tunaomba mtuvumilie, maana tutazungumza kuhusu kayaki. Naam, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja unaopigwa kafi kulia na kushoto. Na tunayoisema sisi ni ile ya kujazwa upepo kwa pampu. Ukimaliza safari yako unaitoa upepo, unaikunja, unaitia begini na unarudi nayo nyumbani kama ulivyotoka.

Tuliingiaje huko? Alikuja dukani kupimwa gauni bi harusi mmoja wa hapa Unguja anayeolewa Mwanza. Ametupa ruhusa ya kusimulia, ila jina lake tumemwekea. Tulipomuuliza mahari yake ni nini, akajibu bila kupepesa, "Nimetaka kayaki."

Tulicheka, wallahi. Yeye hakucheka. Alituambia amekulia pwani ya mashariki, mama yake ni mlimaji wa mwani, na kuogelea alijifunza tangu skuli. Sasa anakwenda mji asiomjua mtu isipokuwa mumewe. Mume atatoka asubuhi kazini arudi magharibi, na nyumba waliyopanga iko karibu na ziwa. Akasema, "Nitakuwa mgeni, dada zangu. Kila kitu nitamsubiri mtu. Nataka kitu kimoja nisichohitaji kumngoja mtu anishikie upande wa pili."

Hapo tukanyamaza. Wengi wetu tuliolewa mbali na kwetu, na tunaujua ule mwaka wa kwanza.

Mahari ni haki ya mwanamke, na kila mmoja wetu amesikia kwamba hata pete ya chuma yatosha. Sheikh alipoulizwa alisema kitu cha halali chenye thamani hakina tatizo, lakini kijulikane. Kusema "kayaki" tu haitoshi, maana ziko za kila namna na kila bei, kama vile huwezi kusema "dhahabu" ukanyamaza. Bwana harusi naye, Allah amjaze kheri, alikubali na akaomba kitu kimoja tu: "Nitajie ni ipi." Nikaha ilikuwa baada ya wiki tatu.

Ndipo alipotuomba tumsaidie. Sisi ni mafundi wa nguo, si wa vyombo vya baharini. Lakini kayaki ya upepo ni kitambaa, mshono na kipimo, na hayo matatu tunayajua.

Anza na mwili wako

Kama gauni, kayaki haichaguliwi kwa picha, inachaguliwa kwa mwili. Tulimpima bi harusi uzito, akawa kilo 68. Tukaongeza jaketi la kuokolea maisha, nguo zikilowa, chupa mbili za maji, pampu na mkoba wake. Tukafika kilo 80 hivi.

Kila kayaki imeandikwa uzito wa mwisho inaoweza kubeba, na mwisho maana yake mwisho. Ukiujaza wote, inazama kidogo, inakuwa nzito kupiga kafi na maji yanaruka ndani. Acha nafasi, angalau robo ya uzito huo. Mfano, ile Challenger K1 ya Intex, ambayo ndiyo wengi huiona kwanza kwa kuwa ni rahisi, ina urefu wa sentimita 274 hivi, upana 76, na mwisho wake ni kilo 100. Kwa kilo 80 za bi harusi wetu ilikuwa kama gauni linalobana kwapani: linavaliwa, lakini hustarehe. AdvancedFrame ya Advanced Elements, ya mtu mmoja, ina urefu wa sentimita 318 hivi, upana 81, na inabeba kilo 136.

Upana ndio unaoifanya itulie isiyumbe. Urefu ndio unaoifanya iende mbele kwa mstari. Kwa mtu wa peke yake anayeanza, mita tatu kwenda juu kidogo kwa urefu, na sentimita 75 hadi 90 kwa upana, panatosha.

Lakini hapa jicho la fundi lilitusaidia. Upana ule unaoandikwa ni wa nje. Mapipa ya hewa ya ubavuni yamenona, yanakula nafasi ya ndani. Wenye nyonga mashaallah mnatuelewa. Tulipopata moja ya kuishika kwa mkono, kwa mwenyeji mmoja wa upande wa mashariki anayewakodisha wageni, tuliitia tepu pale anapokaa mtu, ndani, ikiwa imejazwa upepo. Ilikuwa nusu tu ya upana ulioandikwa. Ukiweza, kaa ndani yake kwanza. Ukishindwa, uliza upana wa ndani kabla ya kutoa hela.

Kitambaa na mshono

Ziko namna tatu kubwa.

Ya kwanza ni ya plastiki tupu ya PVC, nene kuliko maboya ya watoto lakini ni ukoo mmoja. Ni nyepesi na rahisi. Kwa maji matulivu na mchanga laini inafaa. Jiwe lenye meno ndilo adui yake.

Ya pili ina mifuko ya hewa ndani na gamba la kitambaa nje, kama foronya na mto wake. Gamba hilo ni poliesta au nailoni. Angalia namba ya uzi: mabegi mengi ya skuli ni 600, na kayaki nzuri nyingi ni 600 au 840. Faida yake ni kwamba mfuko wa ndani ukitoboka unaubadilisha, gamba linabaki. Hasara yake ni kukauka. Maji yanajificha baina ya gamba na mfuko, nawe ukiikunja mbichi inaota ukungu kama nguo uliyoisahau kwenye beseni.

Ya tatu ndiyo iliyotufanya tuache cherehani tukaangalia. Sakafu yake ina vitambaa viwili, cha juu na cha chini, na baina yake maelfu ya nyuzi zilizoviunganisha. Ukijaza upepo nyuzi zinavuta, kwa hiyo sakafu haivimbi kama mto, inakaa bapa na ngumu kama ubao. Plastiki tupu hujazwa upepo kidogo sana, kama pauni 1 kwa inchi ya mraba. Sakafu ya nyuzi hupokea 8 hadi 10. Ukikaa juu yake hujikunji katikati, na kila nguvu ya kafi inakupeleka mbele. Bei yake ndiyo ya juu.

Mshono nao uangalie. Kayaki haishonwi kwa sindano pale penye hewa. Inagundishwa kwa gundi au kwa moto, na ya moto hustahimili jua zaidi. Pitisha kidole kwenye mshono wote. Ukikuta mkunjo, povu la gundi au mahali pamekaa upande, rudisha. Kisha ijaze, iache usiku kucha kivulini, asubuhi uiguse. Ikilegea sana, paka maji ya sabuni kwenye mishono na kwenye valvu, utaona mapovu yanatokea wapi.

Vyumba vya hewa

Hili halina mjadala kwa anayekwenda peke yake: iwe na vyumba vitatu au zaidi, yaani ubavu wa kulia, wa kushoto na sakafu, kila kimoja na valvu yake. Kimoja kikitoboka, viwili vinakurudisha nyumbani. Chombo chenye chumba kimoja cha hewa ni cha kuchezea kwenye bwawa la hoteli, mama akiwa amekaa pembeni.

Ndoo ya lita ishirini

Watengenezaji wote huandika kwamba kayaki yao inabebeka. Sisi tuna kipimo chetu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na kila mmoja wetu anajua anaweza kutembea nayo kutoka wapi hadi wapi. Kayaki nyingi za mtu mmoja ni kilo 10 hadi 18, na ile AdvancedFrame ni 16 hivi. Ongeza pampu, kafi na jaketi. Tulimtia bi harusi mchele kilo 18 kwenye begi la mgongoni tukamwambia azunguke mtaa mara mbili. Alirudi anatweta, lakini alirudi. Kwenye kilo 22 alisimama njiani. Basi tukajua mpaka wake.

Ukishindwa kuibeba mwenyewe kutoka mlangoni hadi majini, hata ingekuwa nzuri namna gani, utamngoja mtu. Na ukimngoja mtu, itakaa uvunguni.

Mama alivyosema

Sasa tufike penye uzito. Mama wa bi harusi alikataa. Alikuja dukani mwenyewe, akakaa, hakutaka hata maji. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilipozama usiku baina ya Unguja na Pemba, alikuwemo mdogo wake. Alisema, "Bahari imeshanichukulia mmoja. Nyinyi mnanichagulia chombo cha kumpelekea wa pili?"

Hatukuwa na jibu, na hatukujidai kuwa nalo. Kisiwani hapa hakuna nyumba isiyokumbuka mwaka ule, na mwaka uliofuata wa Skagit. Watu wa Mwanza nao wana MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018. Qadar ni ya Mwenyezi Mungu, lakini kufunga ngamia ni juu yetu.

Tulichomuuliza ni hiki: "Mama, nini kingekufanya ulale usiku?" Alifikiri sana. Akasema, "Nimwone anaanguka, na nimwone anapanda mwenyewe."

Sharti hilo lilitufundisha zaidi ya matangazo yote tuliyosoma. Mpaka siku ile bi harusi alikuwa anapendelea kayaki iliyofunikwa juu, yenye tundu la kuingiza kiuno, kwa sababu inasitiri miguu na inakinga jua. Ni nzuri kwelikweli. Lakini ikipinduka inabeba maji, na kurudi ndani yake mtu peke yake kunataka mazoezi mengi. Ya wazi, ukianguka unaigeuza, unapita tumbo katikati yake kama unayepanda kitanda kirefu, unapiga miguu, unajigeuza unakaa.

Tukaenda pwani siku ya maji mafu, ndani ya mwamba ambako hakuna wimbi. Mwenyeji yule alitupa ya wazi. Bi harusi alivaa jaketi, akaenda hatua chache hadi maji yakawa ya kifua, akaipindua makusudi. Mama alikuwa amekaa mchangani na baibui lake. Kichwa cha mwanawe kilipopotea chini ya maji alisimama, akaingia baharini na viatu vyake hadi magotini, akiita. Mara ya kwanza binti aliteleza. Mara ya pili aliteleza. Mara ya tatu alipanda. Mama hakusema kitu. Akasema, "Tena." Akarudia mara saba.

Mara ya saba mama alitoka majini akakamua pindo la baibui. "Basi hiyo," alisema. "Hiyo ya wazi."

Dada zetu, msinunue kayaki ambayo hamjaianguka. Na asiyejua kuogelea aanze na kuogelea. Kule Nungwi mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea, wakiwa na mavazi ya stara mwili mzima, kwa hiyo tusiseme haiwezekani.

Ziwa si bahari

Sisi wa pwani tunadhani maji ni maji. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Halina kujaa na kupwa kwa kukutazamia saa. Saa yake ni upepo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi huanza. Kayaki ya upepo ni nyepesi na imekaa juu ya maji, kwa hiyo upepo unaisukuma kama jani. Ndiyo maana tulisisitiza iwe na pezi chini, lile linaloifanya isizungukezunguke, na ndiyo maana tulimwambia akae ndani ya ghuba, karibu na ukingo kiasi cha kuweza kuogelea kurudi, na ageuke mapema. Asubuhi ile ambayo upepo unakupeleka nje kwa urahisi ndiyo ya kuihofia zaidi.

Radi za ziwa hupiga zaidi usiku kuelekea alfajiri. Wingu likiwa jeusi baada ya Swala ya Asubuhi, kayaki ibaki begini.

Kichocho tunakijua, sote tulimeza vidonge vyake skuli. Lakini cha visiwani ni kile cha mkojo. Kule ziwani kuna na kile cha tumbo. Konokono wake hukaa kwenye maji matulivu yenye majani, pale pale pwani unapoingilia, na vijidudu hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Chagua mahali pa kuingilia pasipo na majani, usikae ndani ya maji bila sababu, na nenda hospitali upimwe. Dawa yake ipo na inatibu.

Mamba na kiboko wako pia. Waulize wavuvi na akina mama wa pale, si ramani. Mahali ambapo wenyewe hawachoti maji, wewe usiteremshe chombo. Wakae mbali pia na njia za feri. Na ukingo wa Mwanza una majabali. Yale yanayowavutia wapiga picha ndiyo yanayokwaruza kitambaa, kwa hiyo plastiki tupu tuliiacha.

Mavazi

Hapa tuko nyumbani. Baibui halifai majini, linavuta na linafunga miguu. Pamba hunywa maji ikawa nzito. Tulimshonea suruali isiyobana na kanzu fupi ya magotini, yenye mpasuo wa pembeni, kwa kitambaa cha nailoni chenye mvuto kidogo, rangi ya kukolea ili isionyeshe ikilowa. Mtandio wake tumeushona kofia moja kwa moja, bila pini hata moja. Kwanza pini hukuchoma ukianguka. Pili, dada zetu, kaeni mfikirie pini ya mtandio na chombo kilichojaa upepo.

Vikuku na pete viacheni nyumbani. Jaketi la kuokolea maisha liwe la povu, la uzito wako, na livaliwe juu ya nguo zote, lifungwe kabla mguu haujagusa maji. Rangi ya machungwa haiendi na kila kitu, lakini inaonekana mbali.

Kilichoandikwa

Mwisho wa wiki ya tatu mahari yalitajwa hivi: kayaki moja ya upepo ya mtu mmoja, ya wazi, urefu usiopungua mita tatu, vyumba vitatu vya hewa, sakafu ya nyuzi, gamba la kitambaa, uzito usiozidi kilo 15, pamoja na pampu ya kusukuma na kuvuta yenye kipimo cha upepo, kafi ya kukunjuka, pezi, jaketi la kuokolea maisha, filimbi, gundi na viraka. Bwana harusi aliiagiza kupitia nduguye aliyeko Dubai. Bei hatuitaji kwa sababu ni yao.

Wakaafikiana na jambo moja zaidi, halikuandikwa: haingii majini kabla hajamwambia mumewe anapoingilia na saa ya kurudi, na simu iko kwenye mfuko usioingia maji, shingoni. Kwenda peke yako maana yake uko peke yako chomboni. Lazima awepo mtu nchi kavu anayejua uliko.

Kwa mtakaonunua, mkumbuke matunzo. Usiiache imejaa upepo juani, hewa ikipata joto hutanuka na mshono huachia. Ukipumzika nchi kavu itoe kidogo. Ioshe, ikaushe mpaka kwenye pembe, usiikunje kila siku kwenye mkunjo ule ule, na iweke mbali na panya.

Bi harusi ameshafika Mwanza, alhamdulillah. Anatuandikia kwamba mama humpigia simu kila Jumamosi asubuhi, na hakati mpaka asikie upepo unatoka.

Mwenye swali la kipimo, cha gauni au cha kayaki, atuandikie. Maa salaam.